Taa ya injini ikilaumu vali ya mvuke, pima nyaya kabla ya kununua kipuri

Taa ya manjano yenye umbo la injini ni miongoni mwa mambo yanayowakosesha usingizi wenye magari. Huwaka ghafla, injini ikiendelea kunguruma kama kawaida, na haielezi kiini cha kuwaka kwake. Mwenye gari humwendea fundi, fundi huchomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na kifaa hicho humpa nambari. Iwapo nambari yenyewe ni P0443, P0444 au P0445, kifaa aghalabu huongeza maelezo mafupi yanayotaja vali ya kufyonza mvuke wa petroli.

Katika karakana nyingi, uchunguzi hukomea hapo. Vali hununuliwa katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au huagizwa kutoka ng'ambo, hufungwa, na taa huzimwa kwa kubonyeza kitufe. Mwenye gari hulipa na kuondoka. Kabla hajafika nyumbani, taa imewaka tena.

Nambari hizo hazisemi kwamba vali imeharibika. Zinasema kwamba kompyuta ya injini, ilipoukagua mzunguko wa umeme wa vali hiyo, haikuona ilichotarajia kuona. Mzunguko huo una betri, relei, fyuzi, waya wa kuleta umeme, plagi, koili iliyo ndani ya vali, waya wa kurudi, na swichi ya kielektroniki iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Chochote kati ya hivyo chaweza kuwa na kasoro, na vali ni kimoja tu. Kumtambua mkosaji hakuhitaji mitambo ya bei ghali. Kunahitaji mita ya kawaida ya umeme, balbu ndogo ya gari, na subira ya nusu saa.

MFUMO WENYEWE

Petroli huvukiza hata gari likiwa limeegeshwa na injini imezimwa, na jua linapokuwa kali, kama ilivyo Mombasa au Garissa, mvuke huongezeka zaidi. Zamani mvuke huo uliachwa utoke tangini na kupotelea hewani. Mapema katika miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifundisha katika taasisi ya Caltech huko California, alionyesha kuwa moshi mzito uliokuwa ukiwawasha macho wakazi wa Los Angeles ulitokana na mvuke wa mafuta na gesi za ekzosi zilizopikwa na miali ya jua. Kufikia 1970 jimbo la California lilikuwa likitaka magari mapya yauzuie mvuke huo usitoroke, na mwaka wa 1971 sharti hilo likaenea Marekani nzima.

Suluhu iliyopatikana ni sahili na ya kupendeza. Mvuke wa tangini huelekezwa kwenye mkebe uliojaa makaa maalum, ambayo huunasa na kuuhifadhi. Injini inapokuwa imepata joto na gari linatembea, kompyuta huifungua vali ndogo iliyo kati ya mkebe na injini. Mvuto wa injini hufyonza mvuke kutoka kwa makaa na kuuchoma pamoja na petroli nyingine. Hiyo ndiyo vali ya kufyonza, na katika magari mengi hukaa imefungwa hadi ipewe umeme.

Baadhi ya magari yana vali ya pili karibu na mkebe, ya kuingiza hewa safi. Hii hufanya kinyume: hukaa wazi, na hufungwa na umeme pale kompyuta inapotaka kupima iwapo tangi linavuja. Magari hayo huwa pia na sensa ya kupima shinikizo ndani ya tangi. Magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu, hayana mpango kamili wa kupima uvujaji kama yale ya soko la Marekani. Msomaji asishangae akikosa vali ya pili chini ya gari lake, wala asikubali kulipia kipuri ambacho gari lake halikuzaliwa nacho.

KUSOMA NAMBARI

Marekani ililazimisha magari yote mapya kuanzia toleo la 1996 yatumie utaratibu mmoja wa kujichunguza, unaojulikana kama OBD-II, na nambari hizi zinatokana na utaratibu huo. Herufi P husimamia injini na mitambo ya kuendesha gari. Sifuri inayofuata humaanisha nambari hiyo ni ya watengenezaji wote, na tarakimu 4 huelekeza kwenye vifaa vya kupunguza uchafuzi wa hewa.

Jambo la kutenganisha mapema ni uvujaji na umeme. P0442, P0455 na P0456 ni nambari za uvujaji: mvuke unatoroka mahali fulani, na mara nyingi kifuniko cha tangi ndicho cha kuangaliwa kwanza. P0456 yaweza kuwaka kwa tundu la nusu milimita tu. Kwa upande mwingine, P0443 hadi P0445, pamoja na P0458 na P0459, zinahusu mzunguko wa umeme wa vali ya kufyonza. P0447, P0448 na P0449 zinahusu umeme wa vali ya kuingiza hewa, na P0450 hadi P0454 zinahusu sensa ya shinikizo. Watengenezaji hawazitumii zote kwa namna moja. Nissan, kwa mfano, hutumia P0444 kueleza kwamba mzunguko wa vali ya kufyonza umekatika.

Kuna tofauti nyingine inayomsaidia mchunguzi, nayo ni muda. Ili kupima uvujaji, kompyuta husubiri hali maalum: injini iliyolala ikapoa, tangi lisilojaa sana wala kukauka, na safari ya kutosha. Nambari ya uvujaji ikifutwa, huenda ikachukua siku kadhaa kurudi, na fundi asiye mwaminifu anaujua muda huo vyema. Nambari ya umeme haina subira hiyo. Kompyuta huukagua mzunguko kila mara, na kasoro ikiwa bado ipo, nambari yaweza kurudi katika sekunde chache baada ya kuwasha gari. Basi mwenye gari aliyerekebishiwa hitilafu ya umeme ana haki ya kusimama papo hapo karakanani na kuona kipimo kikifanywa upya.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hukusanyika katika shimo la karakana, na cheche moja yatosha kuulipua. Kazi hii ifanyiwe mahali wazi penye upepo, injini ikiwa imepoa, bila sigara na bila kibiriti cha kumulika. Vipimo vyote vya umeme vya vali ya kufyonza vyaweza kufanywa bila kufungua bomba lolote la mafuta, na ni vyema iwe hivyo. Anayenusa petroli mbichi au kuona tone likidondoka aachane na mita kwanza na aitafute petroli inakotoka.

MACHO KWANZA

Vali ya kufyonza huwa ndani ya boneti, karibu na mahali hewa inapoingilia injini. Ni kipande kidogo cha plastiki chenye mipira miwili ya kupitisha mvuke na plagi ya nyaya mbili. Fuata nyaya hizo kwa macho na vidole kadiri unavyoweza.

Panya ni adui mkubwa, hasa kwa gari linalolala nje karibu na ghala au jikoni. Hutafuna nyaya na kuacha meno yao wazi. Wa pili ni fundi wa king'ora au wa kifaa cha kulifuatilia gari, aliyekata waya mmoja ili apate umeme wa kuchotea, kisha akausokota na kuufunga kwa utepe mweusi. Wa tatu ni maji ya kasi ya kuoshea injini, yanayopenya ndani ya plagi na kuacha kutu ya kijani kibichi. Katika miji ya pwani, hewa ya chumvi hufanya kazi hiyo hata bila msaada wa mwosha magari.

Chomoa plagi na uichungulie kwa tochi. Pini iliyopinda, iliyorudi nyuma au iliyoota kutu ni jibu tosha.

Kisha angalia fyuzi. Mara nyingi vali hii hushiriki fyuzi na vifaa vingine vya injini, kama vile vipasha joto vya sensa za oksijeni. Nambari tatu au nne za umeme zikijitokeza kwa mpigo, za vifaa visivyohusiana, mwelekeo ni mmoja: fyuzi au relei inayovilisha vyote. Ni upuuzi kubadilisha vifaa vinne kwa sababu ya fyuzi moja.

MTEGO WA MITA

Hapa ndipo mafundi wengi, hata wenye uzoefu, hupotea. Fundi huchomoa plagi, huzungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kuiwasha injini, kisha hupima waya wa kuleta umeme. Mita inaonyesha volti 12 na zaidi. Anatangaza kuwa umeme upo, na vali inahukumiwa.

Mita haikudanganya, ila swali aliloulizwa lilikuwa jingine. Mita ya kisasa huchota mkondo mdogo mno wa umeme. Waya uliobaki na uzi mmoja kati ya nyuzi zake 20, au kiungo kilichooza kwa kutu, kinaweza kupitisha mkondo huo bila shida na mita ikasoma volti zote. Vali inahitaji mkondo mkubwa zaidi. Tuseme koili yake ina ukinzani wa ohmu 26. Kwa volti 12 itachota karibu nusu ampea. Iwapo kutu katika kiungo imeongeza ohmu nyingine 26, volti zitagawanywa sawa kwa sawa: vali itapata 6 tu na itashindwa kufunguka ipasavyo. Plagi ikichomolewa, mkondo hukatika, na mita husoma 12 tena.

Dawa ni balbu ya wati 5 kama ile ya kumulika nambari ya gari. Kwa volti 12 huchota takriban ampea 0.4, kiasi kinachokaribiana sana na kile cha vali yenyewe. Unganisha balbu kati ya pini ya kuleta umeme na upande hasi wa betri. Ikiwaka kwa mwangaza kamili, upande wa kuleta umeme ni mzima. Ikififia au isipowaka ilhali mita ilisoma volti 12, kasoro iko kati ya betri na plagi. Rudi nyuma hatua kwa hatua, ukipima kwenye kila kiungo, hadi mahali mwangaza unaporudi.

Kanuni moja isisahaulike: balbu hii ni ya nyaya za volti 12 pekee. Isiunganishwe kamwe na nyaya za sensa, ambazo aghalabu hutumia volti 5 kutoka kwa kompyuta. Mkondo wa balbu waweza kuiharibu kompyuta ambayo bei yake inapita ya vali mara nyingi.

KOILI NA WAYA WA AMRI

Koili hupimwa vali ikiwa imechomolewa kutoka kwa plagi. Weka mita kwenye ohmu na ugusishe pini mbili za vali. Katika magari mengi utasoma ohmu 20 hadi 40 hivi, lakini kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Mita isiposoma chochote, koili imekatika na sasa vali imehukumiwa kwa ushahidi. Ikisoma ohmu mbili au tatu tu, koili imepiga shoti ndani.

Shoti ya aina hii ina madhara zaidi ya vali. Koili yenye ukinzani mdogo huchota mkondo mkubwa, na swichi ya kielektroniki ndani ya kompyuta yaweza kuungua. Anayebadilisha kompyuta bila kuipima koili atajikuta ameunguza kompyuta mbili.

Kuna koili ambazo ni nzima zikiwa baridi na hukatika zikipata joto. Ikiwa taa huwaka baada ya mwendo mrefu tu, ipime vali mara tu baada ya safari, ingali moto, ukijihadhari na mipira ya injini na feni.

Waya wa pili ndio wa amri. Katika mpangilio ulio maarufu zaidi, umeme huwa tayari kwenye vali wakati wote ufunguo ukiwa umezungushwa, na kompyuta huifungua vali kwa kuuunganisha waya huu wa pili na upande hasi, mara nyingi kwa sekunde. Chomoa plagi na uunganishe ile balbu ya wati 5 kati ya pini zote mbili za upande wa nyaya, ili ichukue nafasi ya vali. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Balbu inapaswa kubaki gizani. Ikiwaka moja kwa moja, waya wa amri umegusana na bodi ya gari mahali fulani, au swichi ya kompyuta imekwama.

Ili kujua ni lipi, zima gari, tenganisha betri, kisha chomoa plagi ya kompyuta na upime kwa ohmu kati ya waya wa amri na bodi. Kama bado umeunganika na bodi, waya ndio wenye hitilafu. Kama mguso umetoweka, lawama zinaelekea kwenye kompyuta.

Balbu ikibaki gizani kama inavyotakiwa, washa injini na uiache ipate joto, au tumia kifaa cha uchunguzi kuiamuru kompyuta ifungue vali iwapo kifaa kina uwezo huo. Balbu inapaswa kumetameta. Hapa balbu ina faida moja ambayo mita haina: kwa kuwa inachota mkondo kama wa vali, kompyuta haiuoni mzunguko kuwa umekatika, na kwa hivyo haina sababu ya kusitisha amri. Kama kompyuta inaamuru na balbu haimetameti, pima waya wa amri kutoka plagi ya vali hadi plagi ya kompyuta, betri ikiwa imetenganishwa. Waya ukiwa mzima toka mwanzo hadi mwisho, hapo tu ndipo kompyuta yaweza kushukiwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kompyuta hulaumiwa mara nyingi zaidi ya inavyostahili.

Dalili za barabarani pia husaidia. Waya wa amri ukigusana na bodi, vali hukaa wazi daima. Injini hutetemeka gari likiwa limesimama, na huwa nzito kuwaka mara tu baada ya kujaza petroli. Chomoa plagi ya vali injini ikinguruma. Iwapo injini inatulia, tatizo ni la umeme. Iwapo haitulii na unahisi mvuto kwenye upande wa vali unaotoka kwa mkebe, vali imekwama wazi kimitambo, na hakuna waya utakaoiponya.

NYUMA YA GARI

Kwa magari yenye vali ya kuingiza hewa, utaratibu ni ule ule wa balbu na koili. Tofauti ni mazingira. Vali hii hukaa chini ya gari karibu na tangi, ambako hupigwa na matope, vumbi la barabara za murram na maji ya madimbwi. Plagi yake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikikwama imefungwa, hewa ya tangini hukosa pa kutokea wakati wa kujaza mafuta, na bomba la kituo cha petroli hujikata kila baada ya lita chache. Mhudumu hulaumiwa bure.

Sensa ya shinikizo ina nyaya tatu: mmoja wa volti 5, mmoja wa upande hasi na mmoja wa kupeleka taarifa. Tumia mita pekee. Chomoa plagi, zungusha ufunguo na upime waya wa kwanza: volti zikiwa karibu 5, kompyuta inatuma inavyopaswa. Zikikosekana, kumbuka kwamba volti hizo huenda zinashirikiwa na sensa nyingine, na moja kati ya hizo iliyopiga shoti yaweza kuzizima zote. Zichomoe moja baada ya nyingine hadi volti zirudi.

BAADA YA KUMPATA MKOSAJI

Waya uliokatika uunganishwe kwa kuchomelewa risasi na kufunikwa kwa mrija wa plastiki unaojibana ukipashwa joto, kazi hiyo ikifanywa mbali na mipira ya mvuke na betri ikiwa imetenganishwa. Kusokota na kufunga utepe ni kuahirisha tatizo hadi msimu wa mvua. Kisha nambari ifutwe, gari liwashwe, na kifaa kisomwe tena papo hapo.

Ikiwa kweli vali ndiyo iliyoharibika, ifunguliwe na kugongwagongwa taratibu juu ya karatasi nyeupe kabla ya mpya kufungwa. Chembe nyeusi zikidondoka, makaa yamepasuka ndani ya mkebe na yanafyonzwa kuelekea kwenye injini. Hutokea hivyo hasa kwa magari ambayo wenyewe huendelea kumimina petroli baada ya bomba kujikata, hadi petroli yenyewe ikaingia kwenye mkebe uliokusudiwa mvuke. Katika hali hiyo mkebe nao ubadilishwe na bomba la kati lisafishwe, kwa sababu vali mpya itajaa chembe zile zile na kukwama kama iliyotangulia.